UCHAGUZI WA MBOGA ZA KUPANDWA WAKATI WA KASKAZI KWA MAVUNO YA MIEZI YA MBELE

Ufafanuzi kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba

Kila mwaka, mvua za vuli zinapomalizika na upepo wa kaskazi kushika nafasi yake, wakaazi wengi wa visiwa vyetu huweka majembe pembeni wakisubiri masika. Wengine huendelea kupanda, lakini hupanda mbegu yoyote iliyopo dukani bila ya kujiuliza mmea huo utakuwa katika hali gani itakapofika Machi au Aprili. Makundi yote mawili hupata hasara. La kwanza hulazimika kununua kila fungu la mchicha na kila kilo ya tungule sokoni wakati bei ziko juu. La pili hupoteza mbegu, mbolea, maji na nguvu, kwani mboga yao huungua kwa jua kabla ya kutoa maua, au huiva katikati ya mvua kubwa na kuozea shambani.

Uzito wa jambo hili umezidi katika miaka hii kwa sababu mwezi mtukufu wa Ramadhani umerudi nyuma na kukutana na kaskazi. Katika miaka ya 2026 na 2027 mwezi huo unaangukia Februari na Machi, kwa kutegemea mwandamo, na utaendelea kurudi nyuma kwa siku zipatazo kumi na moja kila mwaka wa miladi. Huu ndio wakati ambao mahitaji ya mboga huwa makubwa majumbani, na ndio wakati ambao mabustani mengi huwa makavu. Familia iliyojipanga mapema hupata kitoweo na akiba. Familia isiyojipanga hutoa fedha ambazo zingeweza kulipia mahitaji ya skuli au matibabu.

Maelezo yafuatayo yanakusudia kumsaidia mwananchi kuchagua mboga inayofaa kupandwa kuanzia Disemba hadi mapema Machi, ili avune kabla ya masika, ndani ya masika, au katika kipupwe.

1. HALI YA KIPINDI CHA KASKAZI

Unguja hupata wastani wa mvua unaokaribia milimita 1,600 kwa mwaka, na Pemba huzidi kiwango hicho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka katika masika, baina ya Machi na Mei, na nyengine katika vuli, baina ya Oktoba na Disemba. Januari na Februari ni miezi ya ukavu. Joto la mchana hufikia nyuzi 32 hadi 33 za Sentigredi, na usiku halishuki sana chini ya nyuzi 24. Kwa kuwa Unguja iko karibu na nyuzi 6 kusini ya Ikweta, jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi, na kwa hivyo ukali wake hauishi mpaka mawingu ya masika yafunge.

Wazee wa visiwa hivi walilielewa jambo hili vyema. Hesabu yao ya kilimo haikufuata miezi ya mwandamo, ambayo huhama kutoka msimu hadi msimu, bali mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, ambao hadi leo huadhimishwa Makunduchi kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa katika miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi, na mkulima aliambiwa ni mwongo wa ngapi unaofaa kwa zao gani. Msingi wa hesabu hiyo ungali sahihi: mboga huchaguliwa kwa siku zake, na siku hizo hupimwa dhidi ya mvua na jua.

Ni vyema pia ikaeleweka kuwa misimu haifanani kila mwaka. Vuli ya 2023 ilikuwa na mvua nyingi mno kutokana na El Niño, na miaka michache kabla yake vuli ilikuwa haba. Kwa hivyo mkulima anashauriwa kusikiliza mwelekeo wa mvua za masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya msimu kuanza, na kurekebisha tarehe zake ipasavyo.

2. KANUNI YA KUHESABU KURUDI NYUMA

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchagua mboga kwa kuangalia siku ya kupanda tu. Kanuni iliyo bora ni kuanza na siku ya kuvuna, kisha kuhesabu kurudi nyuma, na kuuliza maswali matatu:

(a) Mmea huu huchukua siku ngapi tangu kupandwa hadi kuvunwa?

(b) Utakapokuwa unatoa maua, hali ya hewa itakuwaje?

(c) Utakapokuwa unaiva, mvua itausaidia au itauharibu?

Mifano miwili itatosha kuonyesha tofauti. Mkulima anayepanda bamia tarehe 5 Januari huvuna matunda ya mwanzo baada ya siku zipatazo 55, yaani karibu na tarehe 1 Machi. Bamia hupenda joto, hivyo maua yake hayadhuriki na jua la Februari. Mvua za mwanzo za masika zinapoingia hukuta mmea umeshakuwa mkubwa, na uvunaji huendelea kwa wiki sita au zaidi.

Mkulima mwengine anayesia mbegu ya tungule kitaluni siku hiyo hiyo ya tarehe 5 Januari huiatika shambani baada ya siku 28, yaani tarehe 2 Februari. Tungule za mwanzo huiva baada ya siku zipatazo 75 tangu kuatikwa. Hesabu hiyo inampeleka tarehe 18 Aprili, katikati ya masika. Maua yake yatakuwa yametoka katika joto kali, ambapo chavua hudhoofika na maua mengi hupukutika, na matunda machache yaliyobaki yatakutana na mvua, ukungu wa majani na uozo. Mkulima aliyetaka tungule za tarehe 1 Machi alipaswa kusia mbegu yake kitaluni tarehe 18 Novemba.

Kazi ya wakulima hao wawili ni sawa na gharama zao huenda zikalingana. Kinachowatofautisha ni hesabu peke yake.

3. MAKUNDI YA MBOGA

Kwa kufuata kanuni hiyo, mboga zinazohusika zinaweza kugawanywa katika makundi matano.

(a) Mboga za muda mfupi: siku 21 hadi 40

Kundi hili linaongozwa na mchicha. Mchicha ni mmea wa nchi za joto. Jua kali huukuza badala ya kuudumaza, iwapo mizizi yake inapata maji. Huweza kung'olewa kuanzia wiki ya tatu hadi ya nne, au kukatwa juu na kuachwa uchipue tena. Mbegu yake ni ndogo mno, hivyo isifukiwe chini. Inatosha kuchanganywa na mchanga mkavu, kumwagwa katika mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Inashauriwa kupanda tuta moja kila baada ya siku kumi, badala ya kupanda matuta yote siku moja. Kwa njia hiyo nyumba hupata mboga mfululizo, wala haibaki na ziada inayokauka leo na upungufu kesho.

Majani ya kunde nayo huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Faida yake ya ziada ni kwamba mzizi wa kunde hurutubisha udongo, na mmea wake huvumilia ukavu zaidi ya mchicha.

(b) Mboga za muda wa kati: siku 45 hadi 75

Hapa zimo bamia, kunde za maganda, matango na mung'unye. Bamia ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza. Mbegu yake ina ganda gumu, hivyo irowekwe usiku kucha kabla ya kupandwa, na mashimo yaachane sentimita 30 hadi 45 ndani ya mstari, na sentimita 60 baina ya mistari. Matunda yachumwe kila baada ya siku mbili, kwani yakiachwa huwa na nyuzi ngumu na mmea huacha kuzaa.

Matango na mung'unye hufaa pale tu ambapo maji ni ya uhakika, kwani upungufu wa maji kwa siku chache hulifanya tango kuwa chungu na lililopinda. Mimea hii hutegemea nyuki kubeba chavua. Mvua nyingi zinaponyesha nyuki hawatoki, kwa hivyo ni lazima maua ya kutosha yawe yameshashika tunda kabla ya mwisho wa Machi. Kutokana na hesabu hiyo, mwisho wa Januari ndio ukomo wa kupanda.

Tikiti maji linastahili kutajwa peke yake. Tunda hili hutaka jua wakati wa kuiva. Mvua ikilikuta hupasuka na hupungua utamu. Kwa kuwa huchukua siku 75 hadi 90, lililopandwa katikati ya Disemba huiva mwanzoni mwa Machi likiwa zuri, na lililopandwa mwanzoni mwa Februari huiva masika likiwa limeharibika.

(c) Mboga zinazopandwa sasa ili zivuke masika

Kundi hili husahauliwa sana, nalo ndilo lenye faida ya muda mrefu. Linajumuisha mabilingani, pilipili za aina mbalimbali na nyanya chungu. Mbegu husiwa kitaluni mwishoni mwa Januari, na miche huatikwa mwanzoni mwa Machi, wiki mbili au tatu kabla ya mvua kubwa. Mche ulioshika mizizi kabla ya mvua hunufaika nayo, wakati mche mchanga uliopandwa ndani ya mvua kubwa hupigwa, hulala na kuoza shingo. Mavuno huanza Mei au Juni, na kwa pilipili na mabilingani huendelea kwa miezi kadhaa ndani ya kipupwe, yakisaidiwa na mvua za mchoo pale zinaponyesha.

Sharti la kundi hili ni matuta ya kuinuka, yasiyopungua sentimita 20 hadi 30, ili maji ya Aprili yasisimame kwenye mizizi. Mabilingani yaachane sentimita 60 hadi 75.

(d) Matembele na mbegu ya viazi vitamu

Kila mwaka, masika yanapoingia, wakulima wengi hutafuta marando ya viazi vitamu na kuyakosa. Sababu yake ni kwamba marando hukauka wakati wa kaskazi, na kile kidogo kinachobakia huliwa na mifugo. Mwananchi anayepanda tuta moja la marando mwezi wa Disemba au Januari, mahali penye unyevu kama karibu na kisima, penye kivuli cha migomba au bondeni, hupata faida mbili. Kwanza, huchuma matembele kuanzia wiki ya tano au ya sita. Pili, huwa na marando yake mwenyewe ya kupanda siku ya kwanza ardhi inapolowa, na hivyo huvuna viazi kuanzia Julai.

Tahadhari iliyopo ni kwamba sehemu inayotengwa kwa mbegu isichumwe majani kupita kiasi, na marando yatolewe katika mashina yasiyo na majani yaliyojikunja au yenye madoa ya manjano.

Jambo hilo hilo lahusu muhogo. Miti iliyochumwa sana kisamvu wakati wa kaskazi hutoa vipando dhaifu wakati wa masika. Wakulima wenye mbegu za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilizotolewa rasmi mwaka 2007 kwa ajili ya kustahamili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, wanashauriwa kutenga baadhi ya miti yao isiguswe kabisa hadi wakati wa kukata vipando.

(e) Mboga zinazopaswa kungoja

Tungule, kabichi, karoti, saladi na vitunguu maji visianzishwe katika kipindi hiki. Hoja ya tungule imeshaelezwa. Kabichi na karoti hutaka ubaridi wa kipupwe. Mbegu ya saladi hulala na kukataa kuota udongo unapokuwa na joto kali. Ama vitunguu maji, hukaa kitaluni wiki sita hadi nane na shambani miezi mitatu au zaidi, kisha hutaka ukavu wakati wa kukomaa. Kitunguu kilichosiwa Januari kitakomaa Mei au Juni na kung'olewa katika udongo uliolowa. Hakitahifadhika.

Mkulima wa tungule asione kuwa amenyimwa kazi. Wakati wa kaskazi ndio wa kutayarisha shamba la kipupwe. Ardhi iliyolimwa tungule, mabilingani, pilipili au mbatata katika vuli isirudishiwe mojawapo ya mazao hayo, kwani yote ni ya ukoo mmoja na hupokezana ugonjwa wa mnyauko na wadudu. Mojawapo ya wadudu hao ni nondo wa tungule, aitwaye kantangaze huko Bara, ambaye aligunduliwa Tanzania mwaka 2014 na ambaye huongezeka wakati wa ukavu. Mabaki ya tungule za vuli yang'olewe na kufukiwa chini. Udongo utifuliwe na kuachwa juani kwa wiki kadhaa, jambo linalopunguza minyoo ya mizizi, au upandwe kunde. Mbegu za tungule kama Tanya na Tengeru 97, ambazo hupandwa sana nchini, zisiwe kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya kipaa, ili miche iatikwe mwishoni mwa Mei na mavuno yapatikane Agosti.

4. AINA YA ARDHI

Uchaguzi wa mboga hauwezi kukamilika bila ya kuzingatia ardhi.

Kwenye ardhi ya kinongo, inayopatikana zaidi upande wa magharibi wa Unguja, makundi yote yaliyotajwa hustawi. Kwenye ardhi ya mchanga, maji hupita haraka na minyoo ya mizizi huwa mingi. Huko bamia huathirika upesi, hivyo inafaa kuongeza samadi ya kutosha na kubadilisha mazao kila msimu. Kufukia makumbi ya nazi chini ya tuta, kina cha sentimita 30 hivi, ni njia ya zamani inayosaidia sana, kwani makumbi hunyonya maji na kuyatoa polepole.

Kwenye maweni ya mashariki na kusini, udongo hukaa katika mifuko midogo baina ya mawe. Pasilazimishwe matuta marefu. Kila mfuko upewe shina moja au mawili ya mmea unaotambaa, kama maboga au mung'unye, au shina la pilipili, na mawe yatumike kama kivuli cha mizizi.

Mabonde ya mpunga, kama yale ya Cheju na Kibokwa, hubaki na unyevu hata Januari, na hufaa sana kwa mchicha, matembele na kunde. Hata hivyo, bonde ni la mpunga kwanza. Mboga yoyote itakayopandwa humo iwe ya muda mfupi na iwe imeondolewa kabla ya matayarisho ya mpunga, ili pasitokee ugomvi baina ya watumiaji wa bonde moja.

5. MAJI NDIYO YANAYOPANGA UKUBWA WA BUSTANI

Katika miezi ya Januari na Februari, kila mita ya mraba ya bustani iliyofunikwa na majani hupoteza maji kiasi cha lita tano hadi sita kwa siku. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tano linahitaji, kwa hivyo, lita 25 hadi 30 kila siku, yaani ndoo moja na nusu ya lita 20. Matuta manne yanahitaji ndoo tano hadi sita.

Mwananchi anashauriwa kuifanya hesabu hiyo kabla ya kununua mbegu. Aulize ni ndoo ngapi zinazopatikana kila siku baada ya mahitaji ya kupikia, kunywa, kuoga na kufua, na ni nani atakayezibeba. Mara nyingi mzigo huo humwangukia mama au mtoto wa skuli. Matuta mawili yanayopata maji kamili hutoa mboga nyingi kuliko matuta sita yanayonyunyiziwa juu juu, kwani maji machache huishia juu ya udongo, huivuta mizizi kuja juu, na jua la siku moja tu huiua.

Njia za kupunguza upotevu wa maji ni hizi:

(i) Kumwagilia alfajiri au baada ya alasiri. Utaratibu huu unamfaa pia mtumishi wa Serikali, ambaye anaweza kumwagilia kabla ya kwenda kazini na kumalizia arudipo.

(ii) Kutandaza nyasi kavu, majani ya migomba au makuti yaliyochakaa juu ya udongo. Matandazo hayo yasigusane na shina.

(iii) Kutumia majaruba yaliyoshuka kidogo chini ya usawa wa ardhi kwa mboga zitakazovunwa kabla ya masika, ili maji yasikimbie. Majaruba hayo yasiachwe na mmea wowote mvua zinapoanza, kwani yatageuka madimbwi.

(iv) Kuweka kipaa cha makuti juu ya kitalu, kilichoachwa wazi kiasi cha kupitisha nusu ya mwangaza, na kukipunguza polepole katika wiki ya mwisho kabla ya kuatika ili miche izoee jua.

Kwa wakaazi wa ukanda wa pwani liko suala la chumvi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari huzidi kuwa na maji ya munyu kadiri kaskazi inavyoendelea, kwa sababu maji matamu ya juu hupungua na ya bahari husogea. Kunde za kijani za maharage, karoti na vitunguu huathirika mno na maji hayo. Mchicha na kunde za kawaida huvumilia zaidi. Ncha za majani zikianza kuungua na ukoko mweupe ukionekana juu ya udongo, hiyo ni dalili kuwa chumvi imezidi, na bustani ipunguzwe au ihamishiwe kwenye chanzo chengine cha maji.

Maji ya mitaro na ya makaro yasitumike kabisa kumwagilia mboga za majani. Maradhi ya kuharisha, kikiwemo kipindupindu, huweza kuenezwa kwa njia hiyo, na hasara yake haifidiki kwa mboga.

6. MBEGU

Joto na unyevunyevu wa visiwani huua mbegu mapema. Pakti iangaliwe tarehe kabla ya kununuliwa, na isinunuliwe ile iliyoanikwa juani mbele ya duka. Mbegu ya nyumbani ikaushwe kivulini, itiwe katika chupa yenye kifuniko, na iwekwe mahali pa baridi pamoja na majivu makavu kidogo.

Kabla ya kupanda, mbegu ijaribiwe. Mbegu ishirini zitawanywe juu ya kitambaa kilicholowa, zifunikwe, na zihesabiwe baada ya siku tano hadi saba. Kwa pilipili na mabilingani zingojewe hadi siku kumi na nne. Zikiota kumi na sita au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota kumi, ipandwe mara mbili ya kiwango. Zikiota chini ya hapo, ni afadhali kutafuta nyengine kuliko kupoteza wiki tatu za kaskazi kungojea kisichoota.

Mbegu chotara isihifadhiwe kwa msimu unaofuata, kwa kuwa mmea wake haufanani na mzazi. Mchicha, bamia na kunde za kawaida zaweza kuhifadhiwa nyumbani miaka mingi, iwapo mashina bora ndiyo yanayoachwa kwa mbegu.

7. MPANGO WA MFANO KWA NYUMBA MOJA

Kwa familia yenye uwezo wa ndoo sita za maji kwa siku, yaani matuta manne ya mita moja kwa tano, mpango ufuatao unaweza kufuatwa:

Katikati ya Disemba: Tuta la kwanza, mchicha. Tuta la pili, marando ya viazi.

Mwanzoni mwa Januari: Tuta la tatu, bamia. Nusu ya tuta la nne, mchicha wa pili.

Katikati ya Januari: Nusu iliyobaki ya tuta la nne, kunde. Mchicha wa kwanza umeshaliwa, na tuta lake hupandwa tena baada ya kutiwa samadi.

Mwishoni mwa Januari: Kitalu kidogo cha mabilingani na pilipili chini ya kipaa.

Februari: Mchicha, majani ya kunde na matembele yanavunwa. Tuta la kwanza huinuliwa na kutayarishwa kwa miche.

Mwanzoni mwa Machi: Bamia zinaanza kuchumwa. Mabilingani na pilipili huatikwa.

Mvua za kwanza: Marando hukatwa na kupelekwa shambani.

Mei hadi Agosti: Mabilingani na pilipili yanavunwa. Tungule huatikwa mwishoni mwa Mei.

Kwa mpango huo, hakuna mwezi unaopita bila ya nyumba kuwa na angalau mboga ya aina moja. Asiye na kiwanja anaweza kuufuata kwa kiasi kidogo katika ndoo mbovu, magunia au matairi, alimradi chini yake patobolewe na udongo uchanganywe na samadi iliyooza.

8. HITIMISHO

Wananchi wanakumbushwa kwamba kaskazi si msimu wa kukaa bure, wala si msimu wa kupanda kila kitu. Ni msimu wa mimea inayopenda jua, wa vitalu vya kipupwe, na wa kuhifadhi mbegu za masika. Anayezihesabu siku zake mapema hupunguza hasara, na hupunguza pia utegemezi wa mboga zinazosafirishwa kutoka Bara, ambazo hufika zikiwa zimechoka na zikiwa na gharama ya usafiri juu yake.

Masheha wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mikutano ya shehia zao kabla ya mwisho wa vuli. Wakuu wa skuli na wa ofisi zenye viwanja na maji ya kutosha wanahimizwa kuanzisha matuta ya mfano. Mwananchi mwenye tatizo la wadudu au maradhi asikimbilie kununua dawa asiyoijua. Apeleke jani au tunda lililoathirika kwa bwana shamba au bibi shamba wa eneo lake, aelezwe aina ya ugonjwa, kiwango cha dawa, na idadi ya siku zinazopaswa kupita kabla ya mboga kuliwa.